Mzigo wa Aktueta Haupimwi kwa Kilo Peke Yake

Mtu anayechagua aktueta ya umeme, yaani mota yenye fimbo inayotoka na kurudi kwa mstari ulionyooka, kwa kawaida huanza kwa kuuliza inabeba kilo ngapi. Swali hilo ni halali lakini halijakamilika, kwa kuwa aktueta ileile inaweza kuhimili kani kubwa ikiwa imesimama, ikashindwa na kani ndogo zaidi inaposogea, na ikaharibiwa na kani ndogo kabisa inayoielemea ubavuni.

Mzigo wa mwendo ni kani ambayo mota hulazimika kuishinda fimbo inapotembea, ilhali mzigo tuli ni ule unaoshikiliwa fimbo ikiwa imetulia. Mara nyingi kiwango cha mzigo tuli huwa kikubwa zaidi, kwa sababu aktueta ikishasimama, kazi ya kushikilia hufanywa na msuguano kati ya skrubu inayozungushwa na mota na nati inayosogeza fimbo, badala ya mota yenyewe. Skrubu ya hesi za trapezi kwa kawaida ina msuguano wa kutosha kujifunga yenyewe hata umeme ukikatika. Skrubu ya gololi, ambayo nati yake huviringika juu ya vitufe vidogo vya chuma na ufanisi wake hufikia takriban asilimia 90, husukumwa nyuma na mzigo kwa urahisi, na kwa hiyo huhitaji breki panapokuwa na kitu cha kuning'inizwa au kunyanyuliwa.

Hata kilo zenyewe hazitoi jibu mpaka ujue zimekaaje. Kitu cha kilo 40 kinachoteleza juu ya reli mlalo zenye kizigeu cha msuguano cha 0.1, yaani msuguano ni sehemu moja ya kumi ya uzito, huhitaji takriban nyutoni 40 (nyutoni ni kipimo cha kani) tu ili kiendelee kusogea. Kilo hizohizo zikiwa ni kifuniko kilicholala, chenye kitovu cha uzito sentimita 50 kutoka kwenye bawaba, huku mstari wa kani ya aktueta ukipita sentimita 10 tu kutoka bawaba hiyo, kani inayohitajika hufika karibu nyutoni 1,960, sawa na kunyanyua kilo 200 wima. Kwa sababu hiyo napendekeza hesabu ifanywe kwenye pembe ambayo kazi ni ngumu zaidi, ambayo kwa kifuniko cha namna hii ni pale kinapoanza kufunguka.

Kusukuma nako si sawa na kuvuta. Fimbo ndefu inayosukuma inaweza kupinda kabla mota haijafika kikomo chake: urefu ukiongezeka maradufu, mzigo unaoweza kuipinda hushuka hadi robo. Inapovuta, hatari hiyo haipo.

Linalonisikitisha zaidi ni jinsi mzigo wa ubavuni unavyopuuzwa. Aktueta nyingi za fimbo zimeundwa kupokea kani inayopita kwenye mhimili wake tu. Kani ya pembeni husugua bushi ya mbele, yaani pete inayoishikilia fimbo inapotokea, hula sili (mpira wa kuziba) upande mmoja, huruhusu vumbi na maji kuingia, na hatimaye hupinda fimbo. Mzigo wa namna hiyo unapaswa kubebwa na reli au bawaba, aktueta ibakiwe na kazi ya kusukuma na kuvuta pekee. Pini za ncha zote mbili nazo ziwe sambamba na ziweze kuzunguka bila kukwama, kwa maana breketi iliyofungwa ikiwa imekaa upande huzalisha mzigo wa ubavuni hata pale ambapo mchoro hauonyeshi wowote.