Kaniki na bakuli lake: siku 47 za kurekebisha nilichoharibu

Siku ya 1
Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una bendeji. Jana jioni mbwa wangu Kaniki aliningurumia nilipopitisha mkono karibu na bakuli lake. Nikampindua chali, nikamkandamiza shingo chini ili ajue mkubwa nani. Nilikuwa nimeona jamaa akifanya hivyo kwenye video: mbwa akalegea, watu wakapiga makofi. Kaniki alitulia kama sekunde tatu, nikaanza kulegeza, akaning'ata.

Nimeosha kidonda kwa maji ya bomba na sabuni dakika 15, kisha nikaenda kuchomwa sindano, ingawa mbwa ana chanjo ya kichaa. Hilo halibahatishwi.

Mama mwenye nyumba: "Baba Neema, mbwa anayemng'ata mwenyewe ni wa nini tena?" Sikuwa na jibu.

Siku ya 4
Nimeirudia ile video nikiwa nimezima sauti. Muziki ukiondoka na msimulizi akinyamaza, unabaki na mbwa tu. Anageuza uso pembeni. Analamba pua mara mbili. Masikio yamelala nyuma, weupe wa jicho umetokeza, halafu anaganda kama amemwagiwa saruji. Msimulizi alisema hapo "ametulia". Ametulia wapi! Zile sekunde tatu za Kaniki ndizo hizo hizo, nami nilizihesabia ushindi.

Siku ya 6
Usiku nimesoma hii habari ya "alfa", yaani mkubwa anayetawala kundi kwa ubabe, ilikotoka. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, waliowekwa pamoja ndani ya uzio wasio na pa kukimbilia. Aliwaona wakigombea vyeo. Mtafiti Mmarekani David Mech akalieneza wazo hilo katika kitabu chake cha 1970. Ni kama mtu ajifunze maisha ya ndoa kwa kukaa mahabusu.

Kilichonivutia ni kwamba Mech mwenyewe ndiye aliyegeuka. Kuanzia 1986 alikwenda kila kiangazi kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, kuishi karibu na mbwa mwitu walio huru. Mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. "Alfa" ni mzazi tu. Akamwomba mchapishaji aache kukichapa kile kitabu, na hilo likatimia 2022. Miaka yote hiyo televisheni iliendelea na lile toleo la zamani, maana baba anayelea wanawe hana msisimko wa kupiga makofi.

(Kiswahili nacho kinatuchanganya. Mbwa mwitu wa kwenye Biblia ni huyo wa akina Mech. Wetu wa hifadhi za Ruaha na Nyerere, mwenye madoa na masikio ya duara, ni mnyama mwingine kabisa. Na hata yeye hurudi toka mawindoni akawatapikia watoto nyama.)

Kaniki si mmoja wao. Nilimwokota nyuma ya gereji, akiwa mmoja wa watoto saba waliokuwa wakigombania ukoko wa ugali. Aliyechelewa alilala njaa. Alikuwa hataki cheo changu, alikuwa analinda chakula.

Siku ya 9
Mpango: dagaa wa Mwanza, ili azoee kwamba nikikaribia anaongezewa, hanyang'anywi. Kaniki akiwa anakula, napita hatua tano kutoka bakuli, namrushia dagaa mmoja, naendelea na safari yangu. Sisimami, simkodolei macho, sigusi bakuli. Nikimwona ameganda, kesho naanzia mbali zaidi.

Siku ya 15
Nimeharibu. Neema alipita mbio karibu na bakuli kuokota mpira, Kaniki akanguruma. Kosa ni langu, geti la uani nililiacha wazi. Ila sikumkemea, na moyoni nilishukuru kwamba amenguruma. Mngurumo ni taarifa. Nilipouadhibu siku ile, aliruka taarifa akaenda moja kwa moja kwenye meno.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa 2009, waliwahoji wenye mbwa 140. Kati ya waliowahi kumpindua mbwa chali, asilimia 31 walisema aliwajibu kwa ukali. Mimi fomu yao haikunifikia tu.

Kuanzia leo anakulia nyuma ya geti lililofungwa. Neema haruhusiwi kupita.

Siku ya 28
Hatua mbili. Dagaa wamepanda bei.

Siku ya 33
Tumerudi kwenye hatua tatu. Mvua, radi, na fundi aliyekuwa akigonga bati kwa jirani.

Siku ya 47
Leo nilipotokea mlangoni aliinua kichwa mwenyewe, akauacha ugali, akarudi nyuma nusu hatua. Mkia ulikuwa unayumba chini chini, mwili laini, macho kwenye mkono wangu. Nikainama pembeni, si mbele yake, nikadondosha dagaa wawili ndani ya bakuli. Pua yake, yenye maji na unga wa dona, iligusa kidole chenye kovu. Akanusa. Akala.

Mama mwenye nyumba alikuwa dirishani. "Kwa hiyo sasa bosi ni yeye?"

Nikamwambia dagaa wameisha, naenda sokoni.