Dizeli ilipoingia kwenye visima vyetu: jinsi tulivyodai mpaka tukalipwa

Kijijini kwetu, kati ya Bahi na Manyoni, maji ya kiangazi yanatoka mchangani. Korongo likikauka tunachimba, tunasubiri yajikusanye, tunateka kwa kata. Asubuhi moja ya Septemba punda wangu alinusa ndoo akageuza kichwa. Nikadhani maringo. Nilipoinama mwenyewe nikaona juu ya maji utando mwembamba unaong'aa rangi za upinde wa mvua, na harufu ya gereji ikanipiga puani.

Siku mbili nyuma lori la mafuta lilikuwa limepinduka barabara kuu, juu kidogo ya korongo, tela likapasuka. Siku ile hakuna aliyewaza maji. Kazi yetu ilikuwa kufukuza vijana waliokimbilia na madumu kuchota. Walitutukana sana, lakini nani amesahau Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walivyokufa kwa moto wa lori la mafuta? Polisi wakaja, lori likavutwa, tukasema yameisha. Kumbe dizeli ilikuwa inashuka taratibu ndani ya mchanga. Ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inakaa juu yake, na ukichimba kisima unaikuta yenyewe kwanza kabla ya maji.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji, basi mzigo ukawa wangu. Nilipiga namba iliyoandikwa mlangoni mwa lori. Mwenye lori akasema mafuta si yake, yeye anabeba tu. Mwenye mafuta, tuliyempata baada ya siku nne za kuulizia, akasema mzigo ukishatoka Dar uko mikononi mwa msafirishaji. Watu wa bima wakasema wanasubiri taarifa ya polisi. Wote watatu walikubaliana jambo moja tu, kwamba dereva alisinzia. Dereva mwenyewe alikuwa hospitalini mguu umevunjika, hana hata wa kumletea uji.

Wiki nzima nilikuwa nanunua vocha na kubishana nao. Ndipo nikamweleza mpwa wangu anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, wewe ni nani wa kuwagawia makosa? Hiyo kazi waachie wao."

Akanisimulia habari ya Ghuba ya Mexico, upande wa Marekani. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta baharini, Deepwater Horizon, ulilipuka. Wafanyakazi 11 walikufa, na mafuta yakatoka chini ya bahari mpaka Julai 15, yalipozibwa. Kisima kilikuwa cha kampuni ya mafuta ya BP, mtambo wa kampuni ya Transocean, na saruji ya kuziba kisima iliwekwa na Halliburton. Mwezi Mei, mafuta yakiwa bado yanatoka, wakubwa wa kampuni hizo waliitwa mbele ya Baraza la Seneti, na kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Nilicheka. Ilikuwa simu zangu za wiki ile, ila wao walivaa suti.

Kilichonifungua macho ni kilichofuata. Marekani walikuwa na sheria ya 1990, waliyoitunga baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Inasema anayetajwa kuwa mhusika analipa kwanza, halafu awatafute wenzake baadaye. Juni ya mwaka uleule wa 2010 BP ilikubali kutenga dola bilioni 20 kwa ajili ya madai. Jaji alikuja kugawa lawama Septemba 2014: BP asilimia 67, Transocean 30, Halliburton 3. Mvuvi angengoja hesabu hiyo ikamilike ndipo adai, angengoja zaidi ya miaka minne. Na hapo penyewe, wavuvi waliozoea kuuza kwa fedha mkononi, bila risiti, walipata taabu kubwa kuthibitisha walichopoteza. Mpwa wangu alilirudia hilo mara mbili, "Andikeni, mjomba. Andikeni kila kitu."

Tukaanza upya. Barua ikawa moja tu, imeandikiwa wote watatu kwa pamoja, kila mmoja akiona majina ya wenzake juu. Hatukutaja nani mkosaji zaidi. Tulisema mafuta haya yametoka kwenye mzigo wenu na lori lenu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi alipe, nanyi mtapatana wenyewe. Nakala tukapeleka kwa mtendaji wa kata, NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na bodi ya maji ya bonde. Bwana aliyekuja kuchukua sampuli alitukuta tumejaza maji kwenye chupa za plastiki, akayamwaga yote. Mafuta hung'ang'ania plastiki, akasema, leteni chupa za kioo. Tukahangaika kutafuta chupa za soda.

Daftari ndilo lililotusaidia kuliko vyote. Kila jioni nilipita nyumba kwa nyumba: leo mmenunua madumu mangapi, kwa nani, shilingi ngapi. Dumu lilikuwa 500 kwa wenye baiskeli, na siku boza halikufika lilipanda hadi 800. Mwenye nyumba anasaini au anaweka dole gumba. Kijana mmoja alikuwa amepiga picha matairi ya tela siku ya ajali, yamekwisha mpaka yanang'aa kama kipara. Picha hizo tukaziambatanisha bila maneno yoyote. Wiki ileile wakaacha kumtaja dereva.

Mwezi wa pili tangu ajali alikuja mtu wa mwenye lori na bahasha "ya soda ya wazee". Mwenyekiti wa kijiji alimwomba aiweke mezani, kisha akaniambia niandike daftarini: tarehe, saa, bahasha moja, haikufunguliwa. Jamaa aliirudisha mfukoni haraka, chai hakumaliza.

Walikaa nasi mezani mwezi wa nne tangu ajali, wote watatu siku moja, na nusu ya kikao walikuwa wakigombana wao kwa wao huku sisi tunawatazama. Tulipata boza la maji bure mpaka mvua, mchanga wenye mafuta ukachimbwa na kuhamishwa, na fedha za maji tuliyonunua. Si kila kitu. Bustani za mchicha kando ya korongo hatukuwa tumezipima mapema, hazikulipwa. Na kaya 12 kati ya 43 zilikataa kusaini mwanzoni, zikisema daftari ni siasa. Wiki hizo za mwanzo zilipotea kwao, na bibi mmoja miongoni mwao bado hanisalimii vizuri. Ningejua, ningemwandikia mwenyewe na kumwomba dole gumba baadaye.

Mwenye lori na mwenye mafuta, nasikia, mpaka leo wanadaiana nani abebe asilimia ngapi. Sisi mvua ya kwanza ilipopita tulichimba upya, hatua kama hamsini juu ya pale pa zamani. Punda alinusa, akanywa.