Noti ya elfu hamsini feki
Jamani wa huku Busia, kuweni macho na noti kubwa. Jana jioni mteja kanunua kwangu mchele na mafuta, kanipa noti ya shilingi elfu hamsini ya Uganda, nikaishika haraka haraka maana watu walikuwa wamejaa, nikamrudishia chenji akaenda zake. Usiku nampelekea dada wa pesa za simu aniwekee, akaipitisha chini ya katochi kake ka UV, weee noti nzima ikawaka bluu-nyeupe kama shati jipya la shule! Akaweka noti yake halali pembeni ya hiyo yangu, karatasi imebaki giza, alama chache tu ndo zinang'aa. Kumbe karatasi ya noti halali ni ya pamba, haina ile dawa ya weupe iliyomo kwenye karatasi za kawaida, na hiyo dawa ndo inameza mwanga wa UV tusiouona alafu inautoa bluu. Alama za kweli nazo zina wino wa kung'aa ila sehemu zilizopangwa tu. Imeniuma sana, hiyo ni faida yangu ya siku kadhaa. Leo asubuhi nimeshanunua tochi yangu, iko hapa juu ya mzani.