Kubadilisha gasketi za injini ya pikapu nyumbani

Anayeamua kubadilisha gasketi ya hedi (kizibo chembamba kinachobanwa chini ya hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu) mwenyewe, nyumbani kwake, mara nyingi hujishughulisha zaidi na gasketi mpya: ni ya chuma au ya nyuzi zilizoshindiliwa, ni ya kampuni gani, inakaa upande upi. Hayo ni maswali ya haki, lakini kwa jinsi ninavyoiona kazi hii, gasketi mpya ni sehemu yake ndogo. Kinachoamua iwapo injini itadumu ni sababu iliyoiunguza gasketi ya kwanza, pamoja na hali ya nyuso mbili za metali zitakazoibana ile ya pili.

Gasketi hiyo hukaa kati ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na hedi, na hutakiwa kuzuia vitu vitatu visikutane: moto na gesi za ndani ya silinda, oili inayopanda kulainisha valvu, na maji ya kupozea yanayopita kwenye matundu yake. Katika pikapu nyingi bloku ni ya chuma cha kutupwa na hedi ni ya alumini, na metali hizi mbili hazipanuki kwa kiwango kimoja. Hedi ya alumini yenye urefu wa milimita 500, joto lake likipanda kwa nyuzi 80 za Selsiasi, hurefuka kwa takribani milimita 0.9, ilhali bloku ya urefu huo huo hurefuka kwa karibu nusu ya hapo. Kila mara injini inapopata joto na kupoa, gasketi husuguliwa na tofauti hiyo, nayo huivumilia kwa miaka mingi. Isichoweza kuvumilia ni injini kuchemsha, kwa kuwa hedi iliyopata joto kupita kiasi hupinda, mbano wake ukapungua mahali fulani, na gesi ya moto ikapata upenyo. Kwa hiyo rejeta iliyoziba, thermostati (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto) iliyokwama, pampu ya maji inayovuja au klachi ya feni iliyochoka ni lazima itafutwe na kurekebishwa katika kazi hiyo hiyo, la sivyo gasketi mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Kabla ya kufungua bolti hata moja, nataka uhakika kwamba gasketi ndiyo yenye kosa. Povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili huwatisha watu wengi, lakini gari linalokwenda safari fupi tu laweza kuwa nalo kutokana na unyevu usiopata joto la kutosha kukauka. Dalili zenye uzito zaidi ni maji kupungua bila kuonekana yanakovujia, moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata joto, mapovu yanayoendelea kutoka kwenye rejeta, au mipira ya rejeta kuwa migumu muda mfupi baada ya kuwasha injini baridi. Kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, kikionyesha kwamba silinda mbili zilizo jirani zimeshuka pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yake. Kuna pia kifaa chenye kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Kimiminika hicho kikigeuka njano, gesi ya silinda imeingia kwenye maji, na hapo shaka hubaki ndogo sana.

Pikapu humrahisishia kazi anayetengeneza nyumbani, kwa kuwa injini nyingi za magari haya zimelazwa kwa urefu wa gari na huacha nafasi ya mikono pande zote mbili. Injini ikiwa imepoa kabisa, waya hasi wa betri hutolewa, kisha maji humwagwa kwenye beseni. Maji yenye kulanti (dawa ya kupozea) ya ethilini glikoli ni sumu, tena yana utamu unaowavuta wanyama, na mtoto pia anaweza kuyaonja. Yafunikwe mara moja na yasimwagwe chini. Kila waya na kila mpira unaotolewa upewe alama, na kila bolti iwekwe mahali panapojulikana, kwa sababu urefu wa bolti hutofautiana hata kwenye kifuniko kimoja. Bolti za manifodi ya ekzosi ndizo huleta mvutano mkubwa. Ni heri kuzinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla kuliko kuzilazimisha na kuzikata.

Mkanda au mnyororo wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, hauguswi mpaka pistoni ya silinda ya kwanza iwe juu kabisa katika mpigo wa kompresheni na alama zote ziwe zimeonekana, kwa sababu kwenye injini nyingi valvu hugonga pistoni taimingi ikikosewa. Kisha bolti za hedi hulegezwa kidogo kidogo kwa hatua, kuanzia zile za nje kuelekea katikati, kinyume cha mpangilio wa kukaza. Anayezifungua ovyo anaweza kuipinda hedi ambayo ilikuwa bado nzima. Kuinyanyua ni kazi ya watu wawili, hasa ikiwa ya chuma cha kutupwa, na ikishatoka iwekwe juu ya vipande vya mbao ili uso wake usikwaruzike.

Hapo ndipo kazi yenyewe huanzia, na hapo ndipo ninapowasihi wasomaji wasione haraka. Mabaki ya gasketi ya zamani yatolewe kwa kikwangulio cha plastiki, au kwa wembe ulioshikwa karibu sambamba na uso, pamoja na dawa ya kulainisha mabaki. Diski za msasa zinazofungwa kwenye drili husafisha haraka sana, na hapo ndipo hatari yake ilipo: huchimba alumini bila macho kugundua, na chembe zake zikiingia kwenye njia za oili hula beringi za shafti. Silinda na matundu ya oili yazibwe kwa vitambaa safi wakati wote wa kusafisha, kisha vitambaa vitolewe kwa uangalifu pamoja na uchafu uliodondokea juu yake.

Uso ukishakuwa safi hupimwa. Rula ya chuma iliyonyooka kikamilifu huwekwa juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha bamba jembamba la kupimia hujaribiwa kupenyezwa chini yake. Kwa injini nyingi upindaji wa milimita 0.1 tayari umefika au umepita kikomo, ingawa kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho. Bloku nayo ipimwe vivyo hivyo, jambo ambalo wengi hulisahau. Hedi iliyopinda hupelekwa kwa fundi wa mashine akaisawazishe, na hapo hapo aipime kwa shinikizo, kwa kuwa ufa mdogo kati ya viti vya valvu hauonekani kwa macho. Gasketi za tabaka kadhaa za chuma hudai uso laini zaidi kuliko zile za nyuzi, kwa hiyo fundi aambiwe ni aina ipi itakayofungwa. Kwa injini za dizeli kuna jambo la ziada: unene wa gasketi huchaguliwa kulingana na kiasi ambacho pistoni hujitokeza juu ya bloku, na gasketi huwa na vijitundu au mikato pembeni inayoonyesha unene wake.

Matundu ya bolti ndani ya bloku yanastahili uangalifu uleule. Oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti ikikazwa huyabana, na kwa kuwa kimiminika hakigandamiziki, bloku inaweza kupasuka. Yapulizwe kwa upepo hadi yakauke, huku macho yamekingwa.

Gasketi hulazwa kavu juu ya pini za kuielekeza, bila silikoni, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine, na maandishi yanayoonyesha upande wa juu au wa mbele yafuatwe. Bolti hukazwa kwa spana inayopima nguvu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua. Injini nyingi za siku hizi hutumia bolti zinazovutika: hukazwa kwa nguvu ndogo kwanza, kisha huzungushwa kwa digrii zilizotajwa kitabuni, mathalani 90 na 90 tena. Bolti za namna hiyo zikishavutika hazirudishwi. Seti mpya ni sehemu ya gharama ya kazi, na kuibana gharama hapo ni kuihatarisha kazi yote.

Gasketi nyingine hazina ugumu huo. Ya kava ya tapeti, yaani kifuniko cha juu ya valvu, mara nyingi ni ya mpira, nayo huharibika zaidi kwa kukazwa kupita kiasi kuliko kwa kulegea. Ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, mara nyingi ni silikoni tupu. Ufito mwembamba unatosha, kwani ziada husukumwa ndani, ikakatika na kuziba chujio la pampu ya oili.

Kabla ya kuwasha, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili ya shafti ya kranki; ikigota popote, taimingi ikaguliwe upya. Oili mpya na filta mpya vikishawekwa, na kulanti ikishajazwa, hita ya gari ifunguliwe kwenye joto ili hewa iliyonaswa itoke. Injini iachwe ipate joto hadi thermostati ifunguke, macho yakiwa kwenye geji, kisha izimwe na ipoe kabisa kabla kifuniko cha rejeta hakijaguswa na kiwango cha maji hakijaangaliwa. Baada ya safari fupi za mwanzo ninamwaga oili hiyo na kubadilisha filta tena, ingawa bado inaonekana mpya, kwa sababu maji kidogo na chembe za kusafishia husalia ndani hata kwa mtu mwangalifu sana, na beringi hazipaswi kuzipokea.