Kashe ilisema asilimia 93, mapokezi wakasema haifunguki

Jumanne asubuhi kifodi changu hakijavuka hata Sakina, dada wa mapokezi akapiga. "Kaka, huyu dada mpya barua pepe yake inakataa. Nywila ni sahihi, tumejaribu mpaka tumechoka." Nikamwambia anivumilie, foleni ya pale anaijua.

Ofisini kwetu tuko kama sitini, nusu ni madereva wa watalii. Barua ziko kwenye seva yenye Dovecot, programu inayowapa watu barua zao, na majina na nywila ziko kwenye saraka ya LDAP, yaani orodha ya watumiaji wote, mashine nyingine kabisa. Kila anayefungua barua, Dovecot inakwenda kuiuliza saraka: fulani yupo? Jioni gari zikirudi kutoka Karatu, simu zote zinaunganika kwa mkupuo na saraka inaelemewa. Ndiyo maana mwaka jana niliwasha kashe, kumbukumbu ya muda ambamo Dovecot inatunza majibu ili isiulize saraka kila mara. Kwenye toleo letu, mpangilio wake, auth_cache_size, huwa sifuri mpaka uipe ukubwa mwenyewe.

Kashe ni Mangi wa dukani mtaani kwetu. Mteja wa kila siku Mangi hamfungulii daftari la madeni, hesabu yake anayo kichwani. Basi kila Ijumaa nilikuwa napeleka ishara ya USR2 kwa auth, sehemu ya Dovecot inayokagua wanaoingia, nayo inaandika kwenye logi, kumbukumbu za seva, maswali mangapi yamejibiwa kutoka kashe. Asilimia 93! Nikawa naisoma hiyo namba, nafunga kompyuta, naenda zangu kula mishikaki.

Nimefika ofisini, nikaiuliza saraka moja kwa moja kwa amri ya ldapsearch. Yule dada yupo, mwenzangu alimsajili saa 2:10. Dovecot bado inasema hayupo. Nikarudi kwenye logi, safari hii nikasoma mstari ambao siku zote naupita: maingizo chanya na maingizo hasi, kila kundi na hesabu yake.

Hasi! Kumbe Mangi anakumbuka pia watu asiowajua. Mapokezi kwa haraka zao walikuwa wameweka akaunti kwenye simu ya yule dada mpya saa 2 kamili, kabla hajasajiliwa. Dovecot ikauliza, ikajibiwa hayupo, ikalihifadhi jibu hilo. Muda wake ni auth_cache_negative_ttl, na usipougusa ni saa nzima. Lililonichekesha, ingawa si sana, ni kwamba kila walipojaribu tena, lile "hayupo" lilitoka kashe, na kwenye hesabu linaingia kama jibu zuri. Wanavyozidi kuhangaika ndivyo asilimia yangu inavyopanda.

Nikafuta jina lake tu kwenye kashe kwa amri ya doveadm auth cache flush. Kufuta kashe yote asubuhi ile kungerudisha kila mtu kwenye saraka kwa wakati mmoja, kama umeme unapokatika na seva ikawaka upya. Akaingia papo hapo.

Muda wa hasi nimeuweka dakika 1. Sikuuondoa kabisa, kwa sababu usiku kuna roboti za watu zinabahatisha majina ya admin na info bila kuchoka, na hizo sitaki zifike kwenye saraka kila mara.

Ijumaa iliyofuata asilimia ilikuwa 89. Mapokezi hawajapiga simu.