Nitwike

Juzi kitindamimba wangu kakaa kwenye kompyuta yangu anatafuta picha ya kazi ya shule, mwalimu kawaambia walete picha ya chanzo cha maji na maelezo chini yake. Nikamwambia fungua folda la Sanje, maji yamejaa humo mpaka yanamwagika. Maporomoko yangu yote akayapita tu, moja baada ya nyingine, picha nilizozitesekea zile, halafu akasimama kwenye moja ambayo maji yenyewe hata hayaonekani vizuri.

"Baba, huyu anaitwa nani?"

Nikajifanya naenda jikoni kunywa maji.

Ile safari ya Sanje ilikuwa 2009, kamera Nikon D40 ya kuazima kwa shemeji, nimeibeba kama trei la mayai. Basi la Ifakara kutoka Ubungo, Mikumi mnakata kushoto, Kidatu lami ikaisha mkabaki na vumbi, miwa upande huu na milima ya Udzungwa upande ule. Nikalala Mang'ula. Asubuhi nikapewa gaidi (wa kuongoza njia jamani, sio yule mwingine), tukaanzia kupanda pale Sanje.

Mto Sanje unaanguka kama mita 170 kwa jumla ila hauanguki mara moja, unashuka kwa ngazi tatu, na ukifika kule juu unaliona bonde la Kilombero lote limelala chini na miwa yake. Mimi bonde sikuliangalia sana. Nilikuwa na ugonjwa wa picha za maji kama hariri, zile unaacha shata wazi sekunde mbili hivi, stendi umeisimamisha kwenye jiwe linaloteleza, manyunyu yanapiga lenzi, unafuta na shati, shati lenyewe limelowa, unaanza upya. Gaidi anasubiri. Ukapita mlio huko msituni, mzito, unapanda halafu kama unagugumia, nikaruka nikidhani sijui nini.

"N'golaga huyo," akasema. Akanipa stori, kwamba mwaka 1979 walikuja watafiti wawili hapa, wakausikia huo mlio, wakauliza ni nini, mwenyeji wao akawajibu kama mtu anayetaja kuku, si n'golaga. Wakachanganyikiwa, maana kwenye vitabu vyao hakuna kima wa hivyo huku. Sasa vitabu vinasema kagunduliwa 1979, na dunia nzima yupo Udzungwa tu. "Jina alikuwa nalo siku zote," gaidi akasema, "walikuwa hawajauliza." Nikacheka sana. Nikaona hawa wazungu nao!

Wakati wa kushuka ndio tukakutana na akina mama wa kuni. Siku hizo wanavijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu, na siku yenyewe ikawa hiyo. Wamepanga mstari kwenye kile kinjia, mizigo kichwani, tukasimama pembeni wapite. Wa mwisho alikuwa bibi peke yake, kaachwa nyuma kidogo, jua linapenya kwenye majani na kumdondokea begani vipande vipande, nyuma yake kijistari cheupe cha maji. Mkono ukawasha.

"Shikamoo bibi. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Na mzigo au bila mzigo?"

Sikulitegemea hilo swali. Moyoni nilitaka na mzigo, picha yote si ndio mzigo. Nikajing'atang'ata. Akanimalizia mwenyewe: "Nitueni basi, nisitoke nimekunja sura."

Tukamtua, mimi na gaidi. Akaifunga kanga upya, akajifuta uso na pindo lake, akasimama wima kama yuko studio anapiga ya pasipoti, mikono chini. Nikapiga tatu. Akataka kuona, akaisogelea ile skrini akaiangalia muda mrefu, akasema loo, nimezeeka hivi? Halafu akauliza, "Utaniletea?"

"Nitakuletea bibi."

"Haya. Nitwike."

Gaidi hayupo, karudi juu kufuata stendi yangu niliyoisahau kwenye jiwe. Bibi kashaweka ngata kichwani anangoja. Nikainama, nikakumbatia, nikavuta, ule mzigo ukageuka kidogo tu kama mbuzi aliyegoma. Nikavuta tena, magome yakanichuna mkono, kamera ikayumba shingoni ikagonga kuni, ko, na mimi akili yote ikakimbilia kwenye lenzi ya shemeji badala ya bibi wa watu.

"Iweke chini hiyo," akasema.

Nikaivua, nikaiweka kwenye majani makavu.

"Piga magoti. Usitumie mgongo, mgongo utaukosa kesho."

Akachuchumaa na yeye, akaingiza mkono mmoja chini ya kuni, akahesabu moja, mbili, na mzigo ukapanda. Niseme ukweli, kanyanyua yeye, mimi nilikuwa nausindikiza. Kwa sekunde kadhaa tukawa uso kwa uso, harufu ya moshi kwenye kanga na mti mkavu, na ndio nikaona jicho lake la kushoto lina utando mweupe, mtoto wa jicho. Nimempiga picha tatu na sikuliona. Akainyoosha shingo, mzigo ukatulia, "asante mjukuu wangu", akashuka bila hata kuushika, miguu inajua kila jiwe.

Mengine ni mafupi. Picha nilisafisha Kariakoo, kubwa, nikaiweka kwenye bahasha ya kaki. Mwaka 2011 ruhusa ya kuni ikafungwa. 2014 nilikuwa naenda msibani Ifakara, nikapita na bahasha, basi liliposimama Sanje nikaruka chini nikawaonyesha vijana wa bodaboda. Bibi gani huyo? Bibi wa kuni, nikasema. Wakacheka, braza hapa bibi gani hakuwa wa kuni, jina lake nani? Mama mmoja muuza ndizi akaitazama sana, akasema anafanana na mtu fulani ila hana uhakika, na huyo fulani kashahama. Konda anapiga bodi. Nikapanda na bahasha yangu mkononi. Kwa nini sikumwachia yule mama, sijui.

Basi niliporudi kutoka jikoni nikataka kumpoza mtoto, nikamfungulia taarifa za picha. Ona, nikamwambia, kamera inakumbuka kila kitu: saa 7:42 mchana, shata moja ya 125, ISO 400, mpaka milimita za lenzi.

"Na jina?"

"Andika tu bibi wa Sanje."

"Sanje si mto, baba?"

Akaandika "Bibi", akafuta. Mwisho akachukua ile ya maji ya hariri, na mwalimu kampa vema. Bahasha ipo droo la chini, imefunikwa na risiti za luku.