Unataka kusomea udaktari nje? Uliza kwanza utawashika wagonjwa wapi

Matokeo ya form six yakitoka tu maswali ni yale yale, ada ni bei gani, chuo gani rahisi kuingia, China au Urusi au Uturuki, na wazazi nao wanauliza hicho chuo ni cha ngapi duniani. Nawaelewa kabisa, hakuna mzazi anayetaka kuuza kiwanja afu mtoto arudi na cheti ambacho nyumbani hakitambuliki. Ila kwa muda wote niliokaa huku Liaoning, kaskazini mashariki ya China, nikisoma MBBS (shahada ya kwanza ya udaktari), swali ambalo lingewasaidia watu kuliko yote hayo karibu hakuna anayeuliza: mwaka wa nne mpaka wa sita mtoto atakuwa hospitali gani, na wagonjwa wa hiyo hospitali wanaongea lugha gani.

Mimi hilo swali nilipewa na kaka yangu mkubwa, ni tabibu kwenye kituo cha afya kule nyumbani, hajawahi kusoma nje lakini wagonjwa anawajua. Nilipomwonyesha barua za vyuo vitatu hata hakuangalia ada, akasema waandikie uwaulize wodi zao ziko wapi, zina vitanda vingapi na wanafunzi wageni wanaruhusiwa kufanya nini humo. Viwili vilinijibu kwa kunitumia picha za mabweni na uwanja wa mpira. Kimoja kilinijibu kwa majina ya hospitali na idara, nikaenda hicho, ingawa hakikuwa cha bei ya chini kuliko vyote.

Miaka mitatu ya mwanzo, anatomia, fiziolojia, bayokemia, patholojia, hiyo unaisoma popote penye maabara nzuri na mwalimu anayejua kufundisha, ukisoma utafaulu, usiposoma utakula sapu (kurudia mtihani) au utadisco (kuondolewa chuo) kama kwingine kote. Shida inakuja wodini. Kozi yetu inafundishwa kwa Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza, lakini mgonjwa hajasaini popote kwamba ataumwa kwa Kiingereza. Raundi ya asubuhi profesa anatembea kitanda hadi kitanda anaongea na wagonjwa na madaktari wake kwa Kichina, nusu saa nzima, afu anawageukia wageni anawapa dakika mbili za Kiingereza, na hapo ukitegemea hizo dakika mbili umekosa karibu kila kitu.

Ngoja niwape mfano mmoja. Tulipewa bibi mmoja kutoka kijijini tuchukue historia, kalala, chini ya kitanda kuna beseni na chupa ya chai, binti yake kakaa pembeni anamenya tufaha. Bibi anaongea haraka na lafudhi ya huku, ameshika hapa juu ya kitovu chini kidogo ya kifua, anasema maumivu yanamwamsha usiku wa manane, akiamka akala kipande cha mkate wa mvuke yanatulia anarudi kulala, imekuwa hivyo wiki kadhaa. Mwenzangu ambaye Kichina hakukitilia maanani akaandika kwenye daftari maumivu ya tumbo, basi. Lakini jamani, kwenye ile sentensi ya bibi ndo kuna ugonjwa wenyewe, maumivu ya usiku yanayotulia ukila, mwanafunzi yeyote wa mwaka wa nne hapo anatakiwa awaze vidonda vya tumbo na hasa kidonda cha duodenamu, kwa hiyo nikamuuliza bibi kuhusu choo, kama kinatoka cheusi, nikamuuliza kama anameza dawa za maumivu ya magoti, na kweli anameza kila siku, anazinunua mwenyewe duka la dawa. Alipopitishwa kamera ya tumboni kidonda kilionekana pale pale. Sikuwa na akili kumzidi mwenzangu, darasani ananipita mbali, ila mimi nilimsikia mgonjwa na yeye hakumsikia.

Kwa hiyo ukichagua China jipange kwa Kichina toka wiki ya kwanza. Wizara ya elimu ya huku inataka mwanafunzi wa MBBS ya Kiingereza afikie HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) ya nne mpaka anamaliza, na watu wengi wanaisogeza mbele wanaikumbuka mwaka wa mwisho ili wapate cheti tu. HSK ya nne kwa mfumo wa zamani ni maneno kama 1,200. Inakutosha sokoni, benki, kwenye treni. Kwa wodi yenye wazee wa vijijini haitoshi, mi nasema ifikie mwaka wa tatu, afu endelea na Kichina cha hospitali, na kaa na wenyeji, maana ukijifungia hosteli na Wabongo wenzako mnapika ugali kila jioni (raha yake naijua) miaka sita inaisha lugha hujaipata.

Jambo la pili kuhusu China ni orodha. Wizara ina orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kuchukua wageni kwa MBBS inayofundishwa kwa Kiingereza, ilianza 2007 na vyuo 30, baadaye ikafika 45. Chuo kisipokuwepo humo hakiruhusiwi kuendesha hiyo kozi kwa Kiingereza, na hapo ndo baadhi ya maajenti wanapochezea wazazi, wanakwambia kozi ni ya lugha mbili, usijali mtoto ataelewa. Namjua dogo mmoja wa kutoka Mbeya mama yake alilipa ajenti hela nyingi tu, kafika huku mwaka wa kwanza Kiingereza, mwaka wa pili walimu nusu wanafundisha kwa Kichina na slaidi za Kichina. Akahangaika kuhama, huwa hawahamishi kirahisi, akaanza upya sehemu nyingine. Mama yule aliuza vitu vyake. Naumia kila nikikumbuka kwa sababu ile orodha ya wizara ipo wazi, ajenti aliijua.

Afu kuna hili la magonjwa, wazazi hawaliwazi na si kosa lao. China ilithibitishwa na WHO kuwa haina malaria tarehe 30 Juni 2021. Ni nchi iliyotuletea artemisinini, dawa ya malaria, mtafiti wao Tu Youyou akapata Nobeli 2015 kwa kazi hiyo, dawa mseto tunayomeza nyumbani asili yake ni huku, ila mwanafunzi wa udaktari huku anaweza kumaliza miaka yote asimwone mtoto hata mmoja mwenye degedege la malaria. Wodi zetu zimejaa kiharusi, homa ya ini, saratani ya tumbo, mapafu ya wavuta sigara wa miaka arobaini. Seli mundu naisoma kwenye kitabu, wakati Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi kabisa wanaozaliwa nayo duniani. Sasa huyu daktari akirudi akapangiwa Tabora siku ya kwanza anakutana na nini? Ndo maana likizo za kiangazi mimi narudi nyumbani naomba kukaa hospitali ya rufaa ya mkoa, nasimama wodi ya watoto, nawaangalia manesi wanavyoweka mstari wa dripu kwa mtoto aliyeishiwa maji, naandika kila kitu. Na kabla hujakubali chuo uliza hivi: mwaka wa internship (mazoezi ya kazi hospitalini) mnaruhusu mwanafunzi akaufanye nchini kwake? Baadhi wanaruhusu, wengine lazima umalizie kwao, na jibu la hilo kwangu lina uzito kuliko nafasi ya chuo kwenye orodha za dunia.

Nchi nyingine mambo ni yale yale kwa sura tofauti. Urusi unapewa kwanza mwaka wa maandalizi wa lugha, kile kitengo wenyewe wanaita podfak, na nauona ni utaratibu wa heshima kwa mgonjwa, maana ukiingia wodini Moscow kwenye chuo cha urafiki wa mataifa, kile cha tangu 1960 chenye jina la Lumumba, unaweza kuongea na mtu. Kuna vyuo vya huko vinavyokuuzia kozi ya Kiingereza ukaruka ule mwaka, mimi nisingeruka. Uturuki skolashipu ya serikali yao inakulipia mwaka wa kujifunza Kituruki kabla ya kozi, na hata ukienda Hacettepe kule Ankara ambako kuna udaktari wa Kiingereza, mgonjwa ni Mturuki. Ujerumani vyuo vya serikali karibu vyote havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo mgeni wa nje ya Ulaya analipa yuro 1,500 kwa semista, watu wanasikia hakuna ada wanachangamka, ila udaktari unafundishwa kwa Kijerumani, nafasi ni za kugombania kweli kweli, na kwa viza lazima uonyeshe yuro 11,904 za kuishi mwaka mmoja zimefungiwa kwenye akaunti. Hata Uganda hapo jirani, Wabongo wengi wapo KIU (Kampala International University) kampasi ya Ishaka, bibi wa huko Bushenyi anaongea Kinyankole, ingawa hapo angalau magonjwa ni ya kwetu na basi la kurudi nyumbani lipo.

Usalama nao. Hakuna aliyemtuma mtoto Kharkiv au Sumy kule Ukraine akijua kuwa tarehe 24 Februari 2022 vita vitaanza, wala Khartoum, Sudan, akijua kuhusu vita vya 15 Aprili 2023, na vijana wetu walikuwepo kote huko wakisoma udaktari. Sisi wa China tulifungiwa mipaka kwa ajili ya korona kuanzia mwisho wa Machi 2020, waliokuwa likizo nyumbani wakabaki huko mpaka viza za wanafunzi ziliporudi Agosti 2022, kuna watu walisoma upasuaji kwenye simu wamekaa sebuleni, na upasuaji kwenye simu hausomeki. Vita hutaitabiri, lakini transkripti (karatasi ya masomo na alama zako) unaweza kuiomba kila mwisho wa mwaka, yenye muhuri, ukatuma nakala nyumbani kwa mzazi. Waliotoka na begi moja bila transkripti walipata tabu kubwa kupokelewa vyuo vingine kuliko waliokuwa nazo.

Kuhusu hela nisemee China ninayoijua. Ada ya MBBS vyuo vingi inacheza kati ya yuani 25,000 na 45,000 kwa mwaka, bima ni yuani 800 kila mwaka, kibali cha ukaazi cha mwaka mmoja mpaka chini ya mitatu ni yuani 800, na hicho unakishughulikia ndani ya siku 30 za kufika na viza ya X1 (ya masomo ya muda mrefu). Weka bweni, chakula, na makoti, maana Januari huku inashuka chini ya hasi 20. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, hakuna. Na vibarua huwezi kufanya bila ruhusa ya chuo na ya uhamiaji, kwa hiyo mzazi usipige hesabu ya miaka miwili ukasema ya mbele mtoto atajitafutia, piga hesabu ya miaka sita yote ndo uamue.

Nyumbani, kabla ya kuondoka, nendeni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) mtoto apate ile hati ya kutokuwa na pingamizi, wataangalia sifa zake na chuo anachoenda, ukirudi wao ndo watakaotambua shahada yako. Afu ni Baraza la Madaktari Tanganyika, waliosoma nje wanafanya mtihani wa Baraza kabla ya kuingia internship ya mwaka mmoja, Wakenya nao KMPDC, baraza lao la madaktari, lina wa kwake. Huo mtihani unaulizwa kwa magonjwa ya kwetu. Anayewaza kufanya kazi Uingereza kuna mtihani wa PLAB, Marekani kuna USMLE, na huku huku China ukitaka leseni mtihani wao unafanywa kwa Kichina, sasa unaona tumerudi tena kule kwa bibi na mkate wake.

Na hili nalisema kwa moyo mmoja hata kama litawaudhi wenye maofisi ya kupeleka wanafunzi: kama umepata nafasi Muhimbili, KCMC, Bugando au UDOM, baki. Miaka mitano na internship yako, wagonjwa wa kumwaga wanaoongea Kiswahili, malaria, seli mundu, kifafa cha mimba, kifua kikuu, vyote mbele yako na mwalimu anayevijua. Njoo nje baadaye kwa ubingwa. Anayekuja sasa hivi awe amekosa nafasi nyumbani huku sifa anazo, au amepata skolashipu kamili, na awe yuko tayari kujifunza lugha ya watu kwa bidii ile ile anayosomea fiziolojia.

Kwa walioshika barua ya chuo tayari, kabla ya kulipa chochote waandikieni kwa jina la mtoto mwenyewe, siyo kupitia ajenti, muulize hospitali za kufundishia ni zipi, mwanafunzi mgeni anachukua historia mwenyewe au anasimama nyuma, Kichina kina masaa mangapi kwa wiki na kinaishia mwaka wa ngapi, na internship nyumbani inaruhusiwa au la. Majibu wakiyatuma wekeni hapo chini na jina la chuo, nikitoka zamu ya usiku nitayapitia moja moja, na wenzangu walioko Dalian, Nanjing na Guangzhou nitawaomba nao waseme wanayoyaona kwenye wodi zao.